Chumvi Iliyotembea Chini ya Gatongora

Aliyekutana na Jeconia Ajwang kwa mara ya kwanza aliangalia mikono kabla ya uso. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilikuwa vyeusi kuanzia ncha hadi fundo la pili, weusi wa sufuria iliyounguza maziwa, na hapakuwa na sabuni ya kuutoa. Ngozi ilipobambuka, mpya ilitokea chini yake, na kabla ya juma kuisha nayo ikawa imeshika rangi. Mkewe Apiyo alikuwa amezoea. Watoto wa majirani, kule kwenye nyumba za wafanyakazi Thika, hawakuzoea kamwe. Akiwanyooshea mkono kuwasalimu, walimpa viwiko.

Kazi ndiyo iliyompaka. Alikuwa ametoka Gem mwaka wa arobaini na nane kutafuta kibarua, akakipata katika kiwanda kimoja cha kusindika matunda, akitia kuni kwenye boila. Mkemia wa kiwanda, Mzungu mmoja aliyekohoa sana aitwaye Bwana Hurst, akagundua kwamba yule Mjaluo wa boila anajua kusoma na hasahau alichoambiwa. Akamfundisha kupima maji. Maji ya boila yakiwa na chumvi nyingi, ile wanayoiita kloraidi, hula mabomba kimyakimya hadi siku yanapopasuka na kumbabua mtu.

Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi kukitazama na kigumu kukiamini. Unatia maji kwenye bakuli jeupe la kauri. Unaongeza dawa ya manjano kidogo, maji yanakuwa na rangi ya ua la boga. Kisha unachukua chupa ya kahawia, ile isiyotakiwa kuona jua, yenye dawa iliyotengenezwa kwa fedha, fedha ya vito na shilingi za zamani. Unadondosha tone moja. Pale tone linapogusa panatokea doa jekundu. Unakoroga, doa linatoweka, na maji yanaingia ukungu mweupe. Chumvi imelimeza. Unadondosha la pili, la tatu, ukihesabu. Siku zote hufika tone ambalo chumvi haina nguvu ya kulimeza, na bakuli zima linageuka mara moja, jekundu la tofali. Hapo unaacha na kuandika idadi. Matone machache, chumvi kidogo. Matone mengi, chumvi nyingi. Na tone likigusa kidole, kidole kinakuwa cheusi.

Kwa miaka mitano Jeconia alipima maji ya boila peke yake, na hayo yangekuwa maisha yake yote, kama si Hali ya Hatari, ile serikali iliyotangaza dhidi ya wapiganaji wa msituni na wote waliowalia kiapo.

Mwanzoni mwa mwaka wa hamsini na tano, serikali iliwatoa Wakikuyu wa upande wa Ruiru katika mashamba yao na kuwakusanya vijijini, nyumba zikiwa zimepangwa mistari kama mahindi, handaki lenye vijiti vilivyochongwa likiwazunguka. Kijiji kimoja kiliwekwa kwenye mteremko chini ya Gatongora. Juu kabisa, kwenye mgongo wa kilima, palikuwa na boma la homugadi, wenyeji waliopewa bunduki na serikali kuwalinda na kuwachunga wenzao. Kwenye mteremko wenyewe, kuelekea mtoni, wanakijiji walichimbishwa visima vitatu: cha juu, cha kati na cha chini. Ofisi ya afya ilitaka visima vipimwe kila juma na haikuwa na mtu. Bwana Hurst akamtoa Jeconia siku za Jumanne, akaandikiwa pasi ya kupita vizuizini, akafunga kisanduku chake cha dawa kwenye kerea ya baiskeli.

"Chumvi yenyewe haimdhuru mtu," Bwana Hurst alimwambia asubuhi ya kwanza. "Lakini mkojo una chumvi. Choo kikivuja ardhini, uchafu unakwama njiani kwenye udongo, unakwenda polepole. Chumvi haikwami. Inatangulia. Ukiona chumvi imepanda kisimani, jua kuna kingine kinakuja nyuma yake."

Jeconia aliyashika maneno hayo jinsi alivyoshika mengine yote. Hakujua yangemkosesha usingizi.

Siku ya kwanza visima vyote vitatu vilitoa hesabu moja: matone matatu. Maji mazuri, matamu, ya kilima. Wanawake walikuwa wamesimama kwenye foleni na mitungi na madebe yao, kwa maana waliruhusiwa saa mbili tu kwa siku kuteka maji na kuokota kuni, homugadi mwenye bunduki akiwa nyuma yao. Walimtazama akitia maji yao bakulini. Walipoona yamegeuka mekundu, foleni ilirudi nyuma hatua moja, yote kwa pamoja, bila mtu kusema neno.

Jeconia akamwaga bakuli kwenye majani kando ya kisima cha juu. Jumanne iliyofuata alikuta pale alipomwaga majani yamekuwa meusi, na watu wamepita mbali nayo hadi wametengeneza njia mpya. Ndani ya majuma matatu lile doa lilikuwa limezungushiwa majivu. Hakuna aliyemwambia ni nani aliyeyaweka.

Jumanne ya sita, maji ya kisima cha juu yalimeza tone la tatu. Yakameza la nne na la tano. Jeconia aliendelea kukoroga, akingoja wekundu ukae, nao ukawa unakuja na kuondoka, unakuja na kuondoka, kama mtu anayechungulia mlangoni. Ulikaa kwenye tone la tisa. Akaosha bakuli, akarudia. Tisa. Akaenda kisima cha kati: matatu. Cha chini: matatu.

Aliteka maji ya kisima cha juu kwa kiganja, akayaonja. Yalikuwa matamu vilevile. Hakuna ulimi wa binadamu ambao ungejua.

Akaandika taarifa, Bwana Hurst akaipeleka ofisi ya afya, na ofisi ya afya ikanyamaza. Jeconia mwenyewe akapanda bomani kumwona mkubwa wa homugadi, Ephantus, mtu mrefu mwenye koti la jeshi lililompwaya.

"Bwana Ephantus, kile kisima cha juu wasinywe kwanza. Chumvi imepanda. Vyoo vya hapa bomani viko wapi?"

"Viko upande wa pili wa kilima," Ephantus akajibu. "Na visima viko upande huu. Wewe umeona wapi maji inapanda mlima, daktari ya maji?" Wenzake wakacheka. "Nenda upime. Hiyo mikono yako inanisaidia. Tangu uanze kuja, hawa mama wanaogopa hata kunong'ona."

Jeconia akashuka. Akawaambia wanawake kwa Kiswahili, polepole, wasiteke kisima cha juu. Baadhi walisikia. Wengi hawakuwa na la kufanya, saa mbili ni saa mbili, na foleni ya visima viwili ilikuwa ndefu mno.

Siku kumi na nane baadaye homa iliingia nyumba za mistari ya juu, zile zilizoteka kisima cha juu. Homa ya matumbo, ile inayompandia mtu ngazi kwa ngazi hadi anaongea na watu wasiokuwepo. Walikufa wawili, kisha wanne. Mmoja wao alikuwa mtoto wa kike wa miaka saba, Gathoni, binti wa mwanamke aitwaye Wamboi ambaye mumewe alikuwa kizuizini Manyani.

Na Jumanne ileile aliyozikwa Gathoni, Jeconia alipima kisima cha kati, na kikameza matone manane.

Hapo ndipo alipoanza kuogopa. Alisimama kati ya visima viwili saa tano ya asubuhi, jua kali, na akahisi ubaridi ukimpanda miguuni. Kitu kilikuwa kinatembea chini ya nyayo zake. Hakikuwa na sauti wala harufu. Kilikuwa kimetoka kisima cha juu na sasa kimefika cha kati, hatua themanini kwa majuma matano; alizihesabu hatua hizo kwa miguu yake. Yeye peke yake, katika watu wote waliosimama juu ya ule mteremko, ndiye aliyekiona. Na hata yeye alikiona kwa nyuma tu, kama unavyojua ng'ombe amepita kwa kuona kwato.

"Msiteke hapa!" akawaambia wanawake. "Hiki nacho! Tekeni cha chini!"

Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Wanawake wakamtazama, na katika nyuso zao akaona wazo likifika, moja kwa wote. Huyu alisema kisima cha juu ni kibaya, watu wakafa. Sasa amekinyooshea kidole kisima cha kati. Kile kidole cheusi.

Jumanne iliyofuata jiwe lilimpiga mgongoni akiwa ameinama juu ya bakuli. Hakuona lilikotoka. Homugadi aliyekuwa zamu alitazama pembeni.

Nyumbani Thika alimweleza Apiyo. Apiyo alikuwa akichambua mboga, aliacha.

"Baba Tobias, watu wa kule wanakuita nani?"

"Sijui lugha yao."

"Mimi najua. Hata kwetu wangekuita hivyo. Mtu anayekuja na chupa, anatoa damu kwenye maji, anasema fulani atakufa, na fulani anakufa." Akarudi kwenye mboga zake. "Mwambie Mzungu wako umechoka."

"Nikiacha, nani atajua kimefika wapi?"

"Na ukijua, umemzuia nani asife?"

Homa ikaingia mistari ya kati kama alivyojua ingeingia. Alikuwa ameiandika tarehe katika daftari kabla, kwa penseli, akitumaini kukosea. Alikosea kwa siku mbili tu.

Jumanne iliyofuata Wamboi alimjia. Alikuja kisimani akiwa na debe tupu, akaliweka chini, akasimama ndani kabisa ya lile doa jeusi, juu ya majivu, mahali ambapo hakuna mtu aliyekanyaga kwa miezi mitatu. Wanawake wengine wakasogea mbali.

"Mimi ni mama wa Gathoni," akasema. "Nataka uniambie uliweka nini kwa hii maji."

"Sikuweka kitu, mama."

"Iligeuka damu. Niliona kwa macho."

Jeconia alifikiria kueleza, akaona maneno hayatatosha. Akatoa mabakuli matatu. "Shika kijiti," akasema. "Koroga wewe. Mimi sitagusa."

Katika la kwanza walitia maji ya kisima cha chini. Wamboi akakoroga, Jeconia akadondosha, wakihesabu pamoja. Tone la tatu, jekundu. La pili, maji ya kisima cha kati: matone kumi na moja. Katika la tatu akatia tena maji yaleyale mazuri ya chini, kisha akafungua karatasi aliyofungia chumvi ya chakula chake, akatia punje chache. Yakameza matone kumi na mawili kabla ya kugeuka.

Wamboi aliangalia bakuli la pili na la tatu kwa muda mrefu.

"Kwa hivyo inatafuta chumvi," akasema.

"Ndiyo, mama. Si damu. Ni chumvi."

"Na kisima cha kati iko na chumvi." Akainua macho. "Ya nani? Hapa hakuna mtu ana chumvi. Tangu Januari tunakula mboga bila chumvi. Nani ametupa chumvi yake kwa kisima?"

"Si ya dukani," Jeconia akasema, na aliona haya kulisema mbele ya mama aliyefiwa. "Ni ya mkojo wa watu. Kuna choo mahali kinachoingia huku. Bwana Ephantus amesema vyoo vyao viko upande wa pili, na maji hayapandi mlima."

Uso wa Wamboi ukabadilika, taratibu, mfano wa mtu anayesikia jina lake likiitwa kwa mbali.

"Ngai," akasema. "Ni sisi tulichimba ile shimo."

Akamweleza, akiwa amechuchumaa, akijifanya anaosha debe ili homugadi asishuku. Wanawake sita walichimbishwa mashimo ya choo cha boma. Walipofika futi kumi, jembe liligonga jiwe, na jiwe likalia kama mtungi mtupu. Wakalipasua. Chini yake palikuwa na ufa, mwembamba, mtu hawezi kuingiza kichwa, lakini mkono unaingia hadi begani.

"Kulikuwa upepo inatoka huko," Wamboi akasema. "Baridi. Mchana, jua kali, na shimo inapumua baridi. Nyawira, jirani yangu, akamwaga debe moja aone. Tukasikia ikimezwa. Hivi, glu, glu, kama mtu ako na kiu sana. Akamwaga ingine. Ikameza. Tukamwambia Ephantus hii shimo iko na mwenyewe, tuchimbe pahali pengine. Akatupiga na fimbo. Akasema shimo inayomeza ni nzuri, haitajaa."

Jeconia akageuka kukitazama kilima. Mgongo wa kilima ulikuwa pale ulipokuwa siku zote, na bendera juu yake. Lakini ndani yake, sasa alijua, jiwe lilikuwa limelala kuelekea huku, na ufa ulipita chini ya boma, chini ya handaki, chini ya nyumba za mistari.

"Watasema nimebuni," akasema. "Nahitaji kuonyesha. Kama ningeweza kutia chumvi nyingi kwenye lile shimo, tuone inatokea wapi."

"Kila asubuhi sisi ndio tunabeba majivu ya jikoni yao tunamwaga huko chooni," Wamboi akasema. "Nani ataangalia kama majivu ni nyeupe?"

Chumvi ilipatikana kwa Munyao, Mkamba aliyeendesha lori la kiwanda kimoja cha ngozi Thika. Pale ngozi zilitiwa chumvi, na chumvi chafu iliyofagiwa sakafuni ilitupwa. Munyao alipakia magunia mawili, akayaangusha kichakani kando ya barabara karibu na mahali ambapo wanawake waliokota kuni, wala hakuuliza ya nini. Yakaingia kijijini kidogokidogo ndani ya matita ya kuni.

Tatizo lilikuwa siku. Jeconia alikuwa na Jumanne peke yake, na hakuna aliyejua chumvi ingepita siku gani. Akafanya jambo ambalo Bwana Hurst asingelikubali. Akamwachia Wamboi bakuli moja, chupa ndogo ya manjano, na chupa ya kahawia.

"Hii ya kahawia isione jua," akamwambia. "Na isiguse mkono wako, mama."

"Ikigusa?"

Jeconia akainua vidole vyake.

Kwa siku tatu wanawake wanne wakabeba majivu yenye chumvi hadi kwenye mashimo ya boma, wakamwaga, na shimo likayapokea yote. Wamboi alizika chupa chini ya jiwe la jikoni. Kila alipotoka kuteka maji aliificha ndani ya nguo yake, akachuchumaa nyuma ya kisima na wenzake wakimzunguka kama wanaopiga gumzo, akapima. Hakujua kuandika. Alikata alama kwenye kijiti, tone moja, mkato mmoja.

Siku ya kwanza, kisima cha kati, kumi na moja. Siku ya pili, kumi na moja. Siku ya tano, kumi na mbili. Siku ya sita, mapema kuliko yale majuma matano kwa kuwa ufa ulikuwa umekwisha kujaa, akadondosha, akakoroga, akadondosha, na maji yakawa meupe kama uji mwepesi na yakaendelea kumeza. Baadaye alisema kwamba alipofika tone la ishirini, nywele zilimsimama, kwa kuwa alihisi kuna kinywa ndani ya bakuli. Wenzake waliacha kujifanya wanaongea. Yaligeuka kwenye tone la thelathini na moja. Wote waliona. Mmoja wao aliyekuwa amefiwa na mama mkwe alikaa chini na kuanza kulia bila sauti.

Siku ya nane Wamboi alipima kisima cha chini, kile kizuri, ambacho homugadi wenyewe walikuwa wamekihamia kutoka cha kati tangu homa ilipoingia mistari ya kati. Kilimeza matone saba.

Na jioni ya siku hiyo, wakati wa kuhesabu watu getini, Ephantus alimshika mkono, akaugeuza. Gumba na kidole cha pili vilikuwa vyeusi.

Jeconia alipofika Jumanne alikuta foleni ya wanawake haipo. Visima vimetulia, madebe yamepangwa, hakuna mtu. Kutoka nyumba hadi nyumba milango ilikuwa imefungwa mchana kweupe, na moshi hautoki hata mahali pamoja. Nyawira alitoa kichwa katika pengo la ukuta, akasema maneno manne tu: "Wamemfunga. Wanasema ni kiapo." Akarudi ndani.

Angeweza kugeuza baiskeli. Barabara ya Thika ilikuwa wazi, pasi anayo mfukoni, na yeye si Mkikuyu, hakuna aliyemtaka. Alisimama pale akiwa ameshika usukani, na alipokuja kusimulia miaka ya baadaye hakuficha kwamba alisimama muda mrefu. Kisha akapanda kilima akiisukuma.

Ephantus alikuwa ameketi kwenye kiti kivulini, bakuli na chupa alizoachiwa Wamboi zikiwa mezani mbele yake.

"Wewe ndio ulimpa dawa ya kiapo."

"Nilimpa dawa ya kupima maji, Bwana Ephantus. Ileile ninayotumia mimi."

"Kwa nini mwanamke apime maji?"

"Kwa sababu mimi huja siku moja, na kile kitu hutembea siku saba." Akaweka kisanduku chake mezani. "Nyinyi hapa mnakunywa maji gani?"

Ephantus akaonyesha pipa kwa kidevu. "Ya chini. Safi."

"Nipe kikombe kimoja."

Labda ni jinsi alivyoomba. Ephantus akaashiria, kikombe kikaletwa. Jeconia akamimina bakulini, akatia manjano. Homugadi watano sita wakasogea. Akadondosha huku akihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu.

"Hapa ndipo yangegeuka," akasema. "Mwezi uliopita hapa yaligeuka."

Nne. Tano. Doa jekundu lilikuja na kuondoka. Hakuna aliyecheka. Nane. Tisa. Homugadi mmoja akasema kitu kwa Kikuyu, chini chini, mwenzake akamwambia anyamaze. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Maji yakageuka mekundu mbele ya koti la Ephantus.

"Kisima cha juu kilikuwa hivi," Jeconia akasema, "siku kumi na nane kabla ya homa kuingia nyumba ya huyo mama uliyemfunga. Sasa kimefika kwenu. Kinatoka katika shimo lenu, lile walilokwambia linameza. Mimi sina la kuongeza."

Ndani ya kibanda nyuma ya Ephantus mtu alikuwa anaongea peke yake, sauti ya haraka haraka, akimwita mtu aje afunge mbuzi. Jeconia alisikiliza kidogo kabla ya kuelewa.

"Huyo ameanza lini?" akauliza.

"Jumamosi," akasema Ephantus. Alikuwa bado analitazama bakuli. "Ni ndugu yangu. Mdogo wangu."

Mashimo yalifukiwa siku mbili baadaye, kwa mawe, udongo na chokaa. Mapya yakachimbwa mbali, chini mto unakoelekea, mahali ambapo jembe halikugonga kitu. Visima vikafunikwa, watu wakateka mtoni na kuchemsha. Ephantus aliandika taarifa kwamba yeye ndiye aliyegundua ubovu wa maji, na ikasomwa mahali fulani na kusifiwa. Mdogo wake hakupona. Wamboi alikaa katika kibanda cha boma siku tano na akatoka akichechemea, na hakuna aliyemwomba radhi. Waliokufa kijijini walikuwa kumi na watatu. Kisha homa ikakatika.

Jeconia hakupendwa. Mtu anayetazamia simulizi hii iishe kwa wanawake kumwimbia atakosa. Walimwacha afanye kazi yake, wakaacha kumtupia mawe, na siku moja Nyawira alimletea viazi vitamu viwili ndani ya kitambaa, akaviweka kwenye kerea na kuondoka bila salamu. Aliendelea kwenda kila Jumanne miaka minne. Akaandika jinsi chumvi ilivyoshuka: kisima cha chini kilirudi matone matatu baada ya miezi saba, cha kati baada ya mwaka na nusu. Wamboi akawa ndiye mwangalizi wa visima, akilipwa posho ndogo na ofisi ya afya, ambayo hatimaye ilileta mtu na saini. Wao wawili waliongea mambo ya maji tu. Siku mume wake aliporudi kutoka Manyani, Jeconia alikuta kisima kimepimwa tayari na kijiti kimewekwa juu ya kifuniko.

Mwaka wa hamsini na tisa watu walianza kurudi kwenye mashamba yao. Nyumba zikabomolewa, handaki likaota nyasi, boma likahamwa. Bwana Hurst alikuwa amesharudi kwao na kikohozi chake. Jeconia alipangiwa safari moja ya mwisho, afunge hesabu.

Alifika saa nne asubuhi. Mteremko mzima ulikuwa kimya, nguzo tu zimesimama. Alimkuta Wamboi, aliyekuja na punda kuchukua miti ya paa lake.

Wakapima pamoja. Kisima cha chini, matatu. Cha kati, matatu. Kisima cha juu hakuna aliyekitumia kwa mwaka mzima. Juu yake hapakuwa na nyumba, hapakuwa na ng'ombe, hapakuwa na choo chochote hadi ng'ambo ya kilima. Mara ya mwisho kilikuwa kimeshuka hadi matone manne. Jeconia akadondosha, Wamboi akakoroga. La nne likamezwa. La tano. La sita.

Kiligeuka kwenye tone la kumi na tano.

Jeconia akaosha bakuli mara tatu kwa maji ya kisima cha chini, akajaribu upya dawa yake kwa maji hayo, ikawa sawa, akarudia. Kumi na tano. Alikitazama kilima, akautazama mteremko ulio mtupu. Nyasi za juu ya kisima zilikuwa zimesimama, ndefu, za kijani kibichi, wala hapakuwa na upepo.

"Mama Gathoni," akasema, "kuna mtu anayeishi huko juu?"

Wamboi alikuwa ameshaanza kufunga miti kwenye punda. Alikaza kamba kwa goti, akafunga fundo, kisha fundo la pili juu yake.

"Tulisema ile shimo iko na mwenyewe. Andika," akasema. "Halafu twende."

Akaandika. Wakavingirisha jiwe kubwa, wote wawili, likakaa juu ya mdomo wa kisima, na wakashuka hadi barabarani punda akiwa mbele. Njia panda Wamboi akashika ya kwake, Jeconia akapanda baiskeli kurudi Thika, ambako Apiyo alikuwa amekwisha kuweka maji ya chai motoni.